Kushambulia Upande Wenye Watu

Kila mwaka, wanachuo wakirudi na magodoro yao kichwani, swali moja huanza kuzunguka kabla hata ratiba ya masomo haijabandikwa: mbele mwaka huu kuna nani? Hakuna anayeuliza kipa ni nani, wala kama mabeki wamepona magoti. Mpishi anauliza mbele. Mhasibu anauliza mbele. Mkuu wa chuo, ambaye hatazami mpira mpaka asikie tumeingia fainali, naye huuliza mbele. Nimeulizwa hivyo miaka yangu yote ya kazi, na sasa nimestaafu, najikuta bado najiuliza mwenyewe nikiwa nachambua mchele barazani kwangu Kiseke.

Ninyi walimu wa michezo mliobaki mmeniomba niwaandikie niliyojifunza. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vilichelewa kuja na havikukaa. Nitaandika juu ya magoli, yaani yanatoka wapi, maana hilo ndilo lililonishughulisha kuliko yote, na hadi leo sina jibu lililokamilika.

Niliajiriwa kufundisha netiboli. Mimi ni mtoto wa mjini, Zuhura binti wa fundi cherehani, na siku ya kwanza nilifika chuoni nimevaa viatu vipya ambavyo mawe ya mlima wa chuo yalivimaliza kabla ya Idi. Nikaelekezwa kwa mkuu wa michezo, Mwalimu Magesa, Mjita mrefu mwenye sauti ndogo. Nilimkuta ameketi juu ya jiwe kando ya kiwanja, amezungukwa na nyavu za kuvulia zilizochakaa.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Baba yako anafanya kazi gani?"

"Anashona nguo."

"Basi wewe umezaliwa kwa kazi hii. Kaa hapa, shika sindano."

Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye mpira wa miguu, kwa kushona nyavu za goli. Alizipata mwaloni, wanapoegesha mitumbwi, zile ambazo wavuvi wamezichoka, na harufu ya sangara haikutoka hata zikianikwa msimu mzima. Kipa wetu alilalamika kwamba paka wanamtembelea katikati ya mechi. Siku moja tundu nililolisahau lilipitisha mpira uliokwishaingia, watu wakabishana goli au si goli mpaka refa akaamua kwa kumtazama kipa machozi yake. Tangu hapo nikawa nakagua tundu moja moja, na ninyi fanyeni hivyo, hata hizi nyavu za dukani.

Mwalimu Magesa alikuwa na tabia iliyowafanya wageni wadhani ana macho mabovu. Mechi ikianza, hakuangalia mpira. Mpira uko lango hili, uso wake uko lango lile. Nilipomwuliza alinijibu bila kunigeukia: "Mpira unaangaliwa na kiwanja kizima. Mimi nikiuangalia, nitakuwa nimeongeza nini?" Nikajaribu na mimi. Ni kazi ngumu, shingo inakwenda yenyewe. Lakini ukizoea unaona mambo. Unamwona winga anayeinama kufunga kamba za viatu kila beki mkali anapomsogelea, na kiungo anayeomba pasi kwa mdomo huku miguu ikirudi nyuma. Nikageuka mtu wa kuchungulia, na mume wangu anasema ugonjwa huo niliuleta hadi nyumbani.

Magesa alipoondoka, kazi ikaniangukia mimi, na pamoja nayo lile swali la mbele kuna nani. Nilipumbazwa na maandalizi mara nyingi, kwa hiyo nisikilizeni. Kabla ya mashindano ya vyuo tulikuwa tukicheza mechi za kirafiki na timu za jirani, hasa vijana wa viwandani Nyakato, ambao walikuja moja kwa moja kutoka zamu, wengine bado wana unga wa pamba kwenye nyusi. Tuliwafunga tulivyotaka. Chuo kizima kikaanza kuota kombe. Halafu tunafika mashindanoni, goli linakuwa dogo kama mlango wa banda la kuku. Dalili ya mvua ni mawingu, wanasema, lakini sisi wa ziwani tunayajua mawingu yanayojikusanya juu ya Mwanza kisha yakaenda kumwaga Ukerewe. Straika akikuletea magoli ya maandalizi, usiulize ni mangapi. Uliza amewafunga akina nani, na kama walikuwa wamekula.

Miaka yangu ya mwisho wasichana walinijia ofisini wakadai timu yao ya mpira wa miguu, na nikaona uvivu wa kuwakatalia ni mkubwa kuliko uvivu wa kuwafundisha. Humo ndimo alimotokea Minza, na hapa ndipo ilipo kesi ngumu kuliko zote nilizokutana nazo.

Minza alikuwa namba tisa wetu, Msukuma wa Usagara, mwenye kifua mbele na kicheko kinachotangulia. Mazoezini alikuwa na chenga za kumfanya beki aombe maji. Lakini msimu wake wa kwanza mashindanoni hatukupata hata goli moja, na wenzake wakamtungia wimbo bwaloni, wenye kibwagizo cha kugonga sahani. Aliposikia wanauimba mbele yake, alicheka nao. Kisha akanifuata kwenye stoo ya mipira, akafunga mlango.

"Madam, huu ni mwaka wangu wa mwisho hapa. Ukiniacha, nitaelewa. Lakini mpira sitaugusa tena, na baba atasema si nilikuambia."

"Baba alikuambia nini?"

"Kwamba nirudi kwenye kikundi chake cha ngoma. Anasema mpira umeninyima watu."

Nikamwambia maandalizi ndiyo kwanza yanaanza. Kabla ya hapo, mkuu wa chuo alikuwa amekwisha kuniambia yake: mechi za kirafiki zikiisha, atataka majina, na hataki kumwona tena mfungaji asiyefunga. Kwa hiyo binti huyu alikuwa na maandalizi yale tu mbele yake, na mimi pia, maana mwezi wa mashindano ungenikuta nimestaafu.

Nilianza kwa kudhani ni tatizo la mguu. Minza ni wa mguu wa kulia, na mashambulizi yetu yote yaliegemea kulia. Nikamwekea koni kushoto, nikamlazimisha kupiga kwa kushoto mpaka akachechemea. Halafu, katika mechi ya mazoezi, nikaona jambo. Kipindi cha pili, timu zilipobadilishana magoli, mashambulizi yetu yalihamia kushoto. Yule yule Minza, mguu ule ule. Mguu haubadiliki wakati wa mapumziko.

Nikaacha kumwangalia yeye, nikaangalia kiwanja. Kile kiwanja chetu, upande mmoja kina bwalo, na saa za mazoezi kivuli cha bwalo huangukia kwenye mstari. Upande wa pili ni jua tupu. Upande wa bwalo nyasi zilikuwa zimekwisha kabisa, vumbi tu. Upande wa pili zilikuwa nene kiasi kwamba mbuzi wa jirani walikuwa wakinenepa pale, na wala hawakuhangaika kukimbia tukiwa mazoezini, kwa sababu walijua hakuna atakayefika.

Sasa kwa nini? Sikulala vizuri wiki ile kwa raha ya kutaka kujua. Watazamaji wetu hukaa kivulini, upande wa bwalo. Nikashuku. Kesho yake nikawaomba wanachuo wasimame upande wa pili. Wakanitazama kama nimepungukiwa.

"Madam, kule jua linachoma."

Nikaona nisibishane na watu wenye akili timamu. Nikaenda kwa mama anayetuuzia mihogo ya kukaanga, nikamwomba ahamishie jiko lake upande wa mbuzi, na mwavuli nimpe wa kwangu. Alikubali. Haukupita muda, chuo kizima kilikuwa kule kimefuata mihogo na chachandu. Na mashambulizi yetu? Minza alipopata mpira wa kwanza aligeuza shingo, akatafuta, akaondoka kuelekea mihogoni. Mawinga wakamfuata. Mbuzi wakatimka kwa mara ya kwanza mwaka ule. Nilicheka peke yangu mpaka mwanafunzi mmoja akaniuliza kama naumwa.

Kumbe hakuwa anashambulia goli. Alikuwa anashambulia watu. Na timu pinzani yoyote yenye macho ingelijua hilo mapema, ikajaza mabeki wake upande wenye watazamaji na kusubiri.

Kujua ugonjwa si kupata dawa. Nilimweleza Minza nilichoona, akasema hajui kufanya vingine, ndivyo alivyolelewa. "Njoo Jumapili Usagara, Madam. Utamwona baba." Nikaenda. Sikuwa nimewahi kuangalia ngoma ya mashindano kwa makini. Sisi wa mjini tuliiona kwenye sherehe za serikali, tukapiga makofi tukaenda zetu.

Kumbe ile ina sheria yake. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja, kwa wakati mmoja, huku na huku. Hakuna majaji wenye kalamu. Watu wanazunguka, na kundi litakalowavuta wengi ndilo limeshinda. Basi. Baba yake Minza, mzee Luhende, ambaye siku za kazi ni fundi wa kujenga, alikuwa amevaa miwani ya jua na njuga miguuni, na aliongoza kundi lake huku jicho moja likiwa kwa watazamaji muda wote. Wakipungua, alibadilisha wimbo. Wakipungua tena, alimtoa kijana mwenye nungunungu. Walirudi mbio.

Alipopumzika alinijia anafuta jasho.

"Karibu sana, Mwalimu. Umetuonaje?"

"Mmewamaliza. Wanasema mna dawa."

"Dawa ipo," akasema, "ila siuzi." Kisha akaangalia wale wapinzani wake upande wa pili, ambao walikuwa wakijikongoja bila hamasa. "Unawaona wale? Hata wao wenyewe wanatuangalia sisi. Mpiga ngoma wao tangu mwanzo shingo iko huku."

Nikamtazama huyo mpiga ngoma. Ni kweli. Mikono ilikuwa inapiga, macho yalikuwa kwetu. Na nikiwa nimesimama pale kwenye vumbi, jambo likaniingia akilini mpaka nikashika mkoba wangu kwa nguvu. Beki naye ni mtu. Beki naye ana shingo. Miaka yote nilidhani watazamaji ni wale walio nje ya mstari.

Timu yetu ilikuwa na msichana mwingine, Anastazia, Mhaya mkimya kutoka Muleba, ambaye hata akikufunga anaomba radhi. Alikuwa na mbio nzuri na hakupenda kuangaliwa. Watu wakimpigia makofi alikuwa akiinamisha kichwa. Nikamwita pamoja na Minza, tukakaa kwenye benchi la bwalo.

"Minza, usiache kwenda kwa watu," nikamwambia. "Nenda zaidi. Waite mabeki wote waje wakuangalie. Wakishakuja, mpira utoe kwa Anastazia, upande ule usio na mtu. Na ukishautoa usisimame. Endelea kucheza kama bado unao."

"Kwa hiyo mimi nisifunge."

"Wewe ita watu."

"Watasema nimeshindwa tena."

"Watasema."

"Na Anastazia akikosa?"

Anastazia akaangalia chini. Nikaona nisimdanganye mtu. "Akikosa, utakuwa umeaibika bure."

Minza akacheka, lakini si kile kicheko chake. "Madam, kwetu ukiita watu halafu ukawaachia wa upande wa pili, unafukuzwa kikundini. Hilo baba hawezi kulielewa hata nikimchorea." Akainuka, akachukua mpira, akaenda nao mpaka katikati ya kiwanja, akaukalia. Niliumia kumwona. Nilikuwa namwomba mtoto wa watu atoe kitu pekee alichokuwa na hakika nacho, na sikuwa na cha kumlipa. Baada ya muda nikaona Anastazia amemfuata, ameketi chini karibu yake. Sijui walichoongea. Waliporudi, Minza aliniuliza tu kama nyasi za upande wa mbuzi zitafyekwa, maana zinamchelewesha mwenzake.

Mechi ya kirafiki ya mwisho tulicheza na chuo kingine, nyumbani kwetu. Minza alikwenda upande wa bwalo, akapunga mabega, akasimamisha mpira chini ya unyayo, mabeki wakamjia kama inzi. Akautoa. Anastazia akapaisha. Mara ya pili hivyo hivyo, Anastazia akampiga kipa kifuani. Bwaloni sahani zikaanza kugongwa, ule wimbo ukapanda, na wote walikuwa wanamtazama Minza, si aliyekosa. Mimi nilitazama chini. Mara ya tatu mpira uliingia. Wanachuo walimbeba Anastazia, ambaye alikuwa anaomba kushushwa, na Minza alibaki peke yake kwenye vumbi anapandisha soksi. Tulishinda, na hakuna aliyemwambia hata pole.

Jioni hiyo mkuu wa chuo aliniita.

"Mwalimu, huyu namba tisa hajafunga maandalizi yote."

"Hajafunga, Mkuu."

"Na bado unataka aende?"

"Akibaki yeye, Anastazia naye abaki. Mmoja bila mwingine hafungi."

Akavua miwani. "Nikiulizwa kazi ya straika asiyefunga ni nini, nijibu nini?"

"Waambie anawashughulisha."

"Hilo ni jibu la mtu anayestaafu mwezi ujao," akasema, lakini alikuwa anatabasamu, na jina la Minza likaenda. Nilimshukuru kwa dhati, na namshukuru hata leo. Kuna wakubwa ambao wangetaka kwanza waelewe.

Nikastaafu. Walinipa saa ya ukutani na jiko la gesi, wakala pilau. Mashindano yalipoanza sikuwa na filimbi wala benchi la kukalia. Nilivaa kanga yangu, nikasimama na watazamaji kwenye mstari kama mtu yeyote, na nawaambia wenzangu mtakaofika huko, hapo ndipo moyo unapokimbia kweli. Kwenye benchi angalau unaweza kupiga kelele ukadhani umesaidia. Kando yangu alisimama mwanamume mmoja mwenye shati la mistari, mpenzi wa mpira aliyejipitia tu, ambaye kipindi chote cha kwanza alilalamika. "Huyu namba tisa wao anacheza na sisi badala ya kucheza na goli. Nani kampanga huyu?" Timu zilikwenda mapumziko bila goli, na nilimwona Minza ameketi mbali na wenzake, taulo kichwani.

Kipindi cha pili kilikuwa kinaelekea mwisho alipopata mpira tena. Alikuja moja kwa moja kwetu. Alikuja mpaka nikaona jasho kwenye nyusi zake, akausimamisha mpira, akatingisha mabega, akaachia kile kicheko chake chenyewe ambacho sikuwa nimekisikia tangu kabla ya siku ya stoo. Beki mmoja akaja, wa pili, wa tatu. Alikwenda kulia akarudi, akazunguka, miguu ikichezacheza kwenye vumbi, na watu waliokuwa wanazomea wakanyamaza, kisha wakaanza kupiga makofi kwa mpigo mmoja. Yule wa shati la mistari alikuwa amenishika mkono bila kujijua. Na mimi nikapiga makofi. Nilikuwa nafurahi jinsi alivyokuwa anacheza, nikawa nasema moyoni, cheza, mwanangu, cheza.

Ndipo uwanja ukalipuka upande wa pili. Tukageuka wote pamoja. Anastazia alikuwa ameinamisha kichwa mbele ya nyavu zinazotikisika, wenzake wanamkimbilia, na kipa alikuwa bado ametukodolea macho sisi. Miguuni mwa Minza hapakuwa na mpira. Sijui uliondoka saa ngapi.

"Kafungaje?" nikamwuliza jirani yangu.

"Sijui, mama," akasema. "Nilikuwa namwangalia huyu."